Cheti Chenye Muhuri

Vyeti vilikuwa vitano. Fadhila Mshihiri alivipanga mezani kama mtu anayewaandalia wageni sahani: vinne upande wa kushoto, kimoja peke yake upande wa kulia. Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa Machi, saa tatu asubuhi. Nje ya dirisha la ofisi, hapo Saint Paul, theluji iliyobaki ilikuwa imegeuka rangi ya majivu na watu walipita wakiruka madimbwi.

Fadhila alikuwa mpelelezi wa bodi inayotoa leseni kwa madaktari wa wanyama. Watu wakisikia mpelelezi hufikiria bastola. Yeye silaha zake zilikuwa rula, miwani ya kusomea na kioo cha kukuzia maandishi, na mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja tangu aanze kuzitumia.

Kazi yenyewe haina makeke. Leseni huhuishwa kila baada ya miaka miwili, mwisho wa Februari, na daktari anayehuisha hutamka kwa sahihi yake kwamba amesoma masaa arobaini ya kujiendeleza. Bodi haiwadai wote vyeti. Huokota majina machache bila kuchagua, na hao ndio huandikiwa barua: tuleteeni ushahidi. Safari hii jina lililookotwa lilikuwa la Daktari Chacha Marwa Nyamhanga, wa kliniki moja ndogo kule Champlin.

Vyeti vinne vya kushoto vilikuwa safi. Fadhila alikuwa amepiga simu kote kuvithibitisha. Cha kulia kilisema daktari alihudhuria semina ya masaa manane Eden Prairie, Jumamosi moja ya Oktoba. Waandaaji walikuwa wamejibu kwa mistari miwili tu: alijiandikisha, hakufika.

Margaret, mkuu wake wa kazi, alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Bado unakiangalia? Cheti ni cha kughushi. Nini kinakuchelewesha?"

"Huu muhuri," Fadhila alisema.

Margaret akasogea. Chini ya cheti ulikuwapo muhuri wa duara, wa wino wa zambarau, tarehe katikati na nyota pembeni, umegongwa kwa mshazari juu ya sahihi, hata jina halisomeki.

"Mzuri," Margaret alisema. "Una nini?"

"Upo. Hicho ndicho ulicho nacho. Nimekagua vyeti vya semina vya nchi hii miaka kumi na mmoja, sijaona kilichogongwa muhuri. Huku mtu anachapa jina lake, basi, karatasi imekamilika. Aliyetengeneza hiki ametoka mahali ambapo karatasi bila muhuri haijawa karatasi. Hakuweza kuiacha itoke mkononi mwake ikiwa uchi."

"Daktari mwenyewe ametoka huko."

"Ndiyo. Sasa tazama hapa, mbele ya sahihi." Fadhila akasogeza kioo. Zilikuwapo herufi tatu za mkono: *Kny.*

"Mapambo ya sahihi."

"Si mapambo. Ni 'kwa niaba ya'. Ofisi za kwetu Tanzania, bosi asipokuwepo, unaweka sahihi yako wewe na unatanguliza hizo. Mtu anayeghushi huiga sahihi ya mwenzake. Huyu hakuiga. Ameweka ya kwake, akasema wazi kwamba anaiweka kwa niaba ya mwingine."

Margaret alikunywa kahawa. "Na hizi namba nyekundu?"

Kila ukurasa wa faili la daktari ulikuwa na namba kwenye kona ya juu kulia, kwa kalamu nyekundu, imezungushiwa duara: moja mpaka tisa.

"Mtindo wa masjala. Ukurasa ukichomolewa, inajulikana. Na barua ya kusindikizia vyeti, chini kabisa: CMN, mstari wa mshazari, halafu herufi mbili ndogo, rw. CMN ni daktari, mwenye barua. rw ni aliyepiga chapa. Makatibu wa zamani hawamalizi barua bila hivyo."

"Fadhila, bodi inakaa kesho saa nne. Nataka ripoti kabla ya hapo. Akikiri kughushi, leseni inafutwa, na mimi sina la kuongeza."

"Na asipokiri?"

"Basi nitafutie huyo rw."

Kabla ya kutoka Fadhila alisoma ombi la kwanza la daktari, la zamani. Shahada ya Morogoro. Kisha miaka minane ya mitihani ya madaktari waliosomea nje, akishinda anaosha vibanda vya mbwa, mwishoni akiwashikilia mbwa hao ili madaktari wengine wawachome sindano. Leseni aliipata akiwa na miaka arobaini na mmoja. Sasa alikuwa na arobaini na saba. Fadhila akafunga faili, akavaa viatu vya mpira.

Kliniki ya Champlin ilikuwa kati ya duka la miwani na kinyozi. Ndani kulinukia dawa ya sakafu na manyoya yaliyolowa. Kwenye meza ya mapokezi alikaa mwanamke mnene, mchangamfu, na kibao mbele yake kimeandikwa R. Nkirote. Kando ya kibao palikuwa na pedi ya wino, na juu ya pedi, muhuri.

Fadhila alionyesha kitambulisho. Mwanamke akakisoma, akamtazama, akabadilisha lugha papo hapo.

"Fadhila? Wewe ni wa Tanga ama Mombasa?"

"Tanga. R ni ya nini?"

"Rosemary. Lakini niite Nkirote, Rosemary ni ya immigration." Akacheka, kisha akaona macho ya mgeni yalipotua. "Aki dada, mbona unaangalia hiyo stamp hivyo? Hiyo ni ya certificate za rabies."

"Nigongee hapa."

Nkirote aligonga. Muhuri ulikuwa wa pembe nne na wino wake mweusi. Fadhila akaandika tarehe na saa chini yake, akaikunja karatasi.

"Naona daktari hayupo leo. Barua ikitoka, anakuachia uweke sahihi kwa niaba yake?"

"Mara mingi."

"Niwekee moja, kama unavyoweka."

Nkirote akaandika upesi bila kuuliza: *for Dr. Nyamhanga*, halafu jina lake lenye mikia. Hakuna *Kny*. Fadhila alimwuliza jina la baba yake. Lilikuwa Mwirigi. Hakuna jina linaloanza na W.

"Sasa mimi ni suspect?" Nkirote aliuliza.

"Ulikuwa. Kwa dakika nne hivi."

"Uwi! Nitaambia church." Lakini uso ulikuwa umeingia kivuli. "Ni leseni yake, sivyo? Dada, hiyo leseni ikienda, hii mlango tunafunga. Mwenye kliniki ni yeye pekee."

"Nionyeshe kitabu cha Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba."

Nkirote aliigeuza skrini ya kompyuta. Saa moja na nusu asubuhi, aliingizwa mbwa mkubwa wa kilo sitini, tumbo limejaa hewa na kujipinda. Upasuaji ulianza saa mbili kasoro robo, ukaisha saa tano. Mpasuaji, Nyamhanga.

"Alikuwa tayari amevaa tai, anaenda semina yake," Nkirote alisema. "Akatupa tai hapa kwa counter. Huyo mbwa anaishi mpaka leo, mkubwa kama ndama."

"Na vyeti vyake, faili la bodi, nani alilipanga?"

"Hapana mimi. Hizo wana-handle huko kwa nyumba."

Fadhila alinakili saa zote za upasuaji. Ushahidi ulikuwa mzuri na ulikuwa mbaya. Daktari hakuwa Eden Prairie, na aliyethibitisha ni mtu anayempenda.

Nyumba ya daktari ilikuwa mitaa sita kutoka hapo, karibu na mto, ya ghorofa moja na chini yake vyumba vyenye mlango wao wa nyuma. Daktari Chacha alifungua mwenyewe, mrefu, amevaa soksi za sufu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuja kikazi, daktari. Utakachosema nitakiandika."

"Karibu kikazi, basi."

Walikaa sebuleni, mezani. Kabla Fadhila hajatoa kalamu, kutoka kwenye ngazi ya chini ilisikika sauti ya kijiko kikigonga chuma: ngo, ngo, ngo. Daktari aliinuka katikati ya sentensi, akafungua mlango wa gereji, akatoka, akaufunga. Nyayo zilipanda ngazi. Maji yakafunguliwa jikoni. Kutoka alipokaa Fadhila aliona pindo la kanga tu likipita. Nyayo zikashuka. Ngo, mara moja. Daktari akarudi, akakaa, akamalizia sentensi yake ileile.

Fadhila aliangalia saa, akaandika dakika, hakuuliza.

"Tarehe kumi na nane Oktoba ulikuwa wapi?"

"Kliniki. Nilikuwa na mbwa amejipinda tumbo."

"Hukuhudhuria semina."

"Sikuhudhuria."

"Basi hiki ni nini?" Akakisukuma cheti mbele yake.

Daktari alikichukua. Alikisoma kutoka juu kwenda chini, bila haraka, na hakuonekana kukitambua, mpaka macho yalipofika kwenye muhuri na zile herufi tatu. Hapo yalisimama. Akakiweka cheti chini taratibu, akakinyoosha kwa kiganja ingawa hakikuwa kimekunjamana.

"Nimekitengeneza mimi," alisema.

"Fikiri kwanza. Unajua maana ya neno hilo?"

"Najua. Nimekighushi mimi. Andika."

Fadhila akampa fomu ya maelezo. Daktari aliandika mistari mitatu, akaweka sahihi, akairudisha. Sahihi yake ilikuwa fupi, kama mkwaruzo wa kuku. Fadhila aliilaza kando ya ile ya kwenye cheti, ambayo ilikuwa ya kulala, ya shule, herufi nadhifu hata chini ya wino wa muhuri.

"Ulichapa kwa printa ipi?"

"Ya... ya kliniki."

"Muhuri uko wapi?"

"Niliutupa."

"Namba nyekundu ulizianzia ukurasa gani?"

"Namba gani?"

Fadhila alilifunika faili kwa mkono. "Kurasa tisa, kila moja ina namba nyekundu kwenye kona. Faili lako. Umelituma wewe."

Daktari alilitazama faili kama la mtu mwingine.

"Hukuwahi kuliona lilipokamilika. Uliweka sahihi ukurasa wa mwisho mtupu, ukampa mtu. Ni kweli au si kweli?"

"Andika ulichonacho, dada. Nimeshakiri."

"Nina swali moja la hesabu. Semina uliikosa, masaa manane yakapungua. Februari ukaapa una arobaini. Uliapa uongo?"

Kwa mara ya kwanza mtu yule alikasirika. "Sijaapa uongo! Niliyajazia. Nilisoma kwenye kompyuta, Jumapili mbili za Januari, kozi ya ini la paka. Na mtihani nikafanya."

"Cheti?"

Alitoa simu, akatafuta, akamgeuzia. Barua pepe ya tarehe kumi na tisa Januari. Masaa manane, yamekubaliwa na bodi. Fadhila aliinukuu namba ya cheti, akatoka nje barazani, akapiga simu kwa waandaaji, akasoma namba. Msichana upande wa pili alimjibu ndani ya dakika mbili: ni ya kweli, amefaulu kwa tisini na mbili.

Akarudi akakaa.

"Ulikuwa na cheti halali mfukoni. Arobaini kamili. Mwenye cha kweli anaghushi cha nini?"

Daktari aliirudisha simu mfukoni.

"Nikusimulie mimi. Barua ya bodi ilipokuja, orodha yako ya zamani ilikuwa bado ndani ya faili, na semina ya Eden Prairie imo. Hukuirekebisha. Mtu mwingine akakalishwa kupanga vyeti kwa kuifuata orodha. Akakuta kozi tano, vyeti vinne. Mtu huyo alipaswa kukuuliza kitu kimoja tu: cha tano kiko wapi? Hakukuuliza. Mnakaa nyumba moja. Kwa nini hakukuuliza?"

Daktari aliutazama mlango wa gereji.

"rw ni nani, daktari?"

"Siwezi."

"Hutaki?"

"Nimesema siwezi." Sauti ilikuwa imeshuka. "Jina lake mimi silitamki. Kwetu halitamkwi."

Fadhila aliweka kalamu chini. Kijiko, mlango wa gereji, maji ya jikoni, pindo la kanga. "Mama mkwe."

"Kaja miaka miwili sasa, kutulelea mtoto. Mke wangu Tulia anafanya zamu hospitali. Sisi wawili hatukutani. Yeye akigonga kijiko, anapanda, mimi natoka. Nikiwa na neno, nampa Tulia ampelekee. Hajawahi kuniona nikila, na mimi sijawahi kumwona uso vizuri." Akaisogeza fomu ya maelezo kuelekea kwa Fadhila. "Kwa hiyo unaona. Siwezi kukaa hapa nikamtaja mbele ya serikali kwamba ni mghushi. Ipeleke hiyo. Nitaosha vibanda tena, navijua."

Ngo, ngo, ngo.

Daktari akainuka.

"Kaa," Fadhila alisema. "Mahojiano hayajaisha."

"Dada, anapanda."

"Nasikia. Kaa."

Alibaki amesimama nusu, mikono mezani. Kijiko hakikugonga tena. Nyayo zilianza kupanda bila kungoja mlango wa gereji ulie, moja, moja, kama za mtu anayehesabu. Daktari aligeuka upesi akauelekea ukuta, uso karibu ugonge kalenda.

Aliyetokea alikuwa mama mfupi wa miaka sabini hivi, amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Alipita kando kando na ukuta wa pili, mgongo kwa mkwewe, akafika mezani kwa Fadhila.

"Shikamoo, mama," Fadhila alisema.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Robi Wambura. Nilikuwa katibu muhtasi, chuo cha ualimu, miaka thelathini na mmoja. Hizi nyumba za mbao zinapitisha maneno yote." Akafungua leso. Ndani ulikuwamo muhuri wa duara wenye mpini mwekundu. "Cheti ni changu. Mwambie mwenye nyumba asijibebeshe."

"Amekusikia, mama."

"Mwambie tu."

Fadhila akageuza kichwa. "Daktari, mama anasema usijibebeshe."

"Mwambie nimesikia," ukuta ulijibu.

"Mama, ulijua cheti hiki si cha kweli?"

"Nilijua kimepotea. Orodha inasema kipo, faili linasema hakipo; kimepotea, si ndiyo? Nilimwuliza Tulia, naye anatoka kazini macho mekundu, akaniambia, mama, kipo tu, tafuta. Nimetafuta mpaka chini ya godoro. Na barua ya bodi ilikuwa imeandika mwisho ni kesho yake." Alivuta pumzi. "Pale chuoni cheti kikipotea, tunatoa nakala nyingine. Unachapa, unaweka sahihi kwa niaba, unagonga muhuri. Sikuandika jina la mtu kwa mkono wangu nikajifanya yeye. Nimeweka langu."

"Nimeiona hiyo *Kny*. Ndiyo iliyonileta."

"Basi nikamatwe mimi."

"Hakuna wa kukamatwa. Lakini pale ulikuwa na mamlaka ya chuo, mama. Hapa hukuwa nayo ya hao watu. Nitaandika hivyo hivyo, na utaweka sahihi." Kisha akausemea ukuta: "Na wewe, daktari, onyo utalipata. Uliweka sahihi chini ya faili ambalo hujalisoma. Hilo ni kosa lako peke yako, halina mkwe ndani yake."

"Ni haki," ukuta ulisema.

"Unayaondoa maelezo yako ya kwanza?"

"Nayaondoa."

Fadhila akachora mistari miwili juu ya ile fomu, akaandika saa: tisa na dakika tano alasiri. Akachukua muhuri, akautia ndani ya mfuko wa ushahidi. Macho ya mama yaliusindikiza mpaka mfuko ukafungwa.

"Sasa nahitaji kile cha Januari, kwenye karatasi. Mna printa?"

Daktari alionyesha sakafu kwa kidole. Printa ilikuwa chini, chumbani kwa mama.

"Kitume," Fadhila alimwambia daktari. Daktari alibonyeza simu yake akiwa vilevile amegeukia kalenda. Chini ya sakafu mashine iliguna, ikameza karatasi, ikatulia. Mama akashuka. Walimsikia akikaa huko muda kuliko inavyotakiwa kuchukua karatasi moja. Kisha alipanda, na safari hii kijiko hakikugonga.

Alikuwa ameshika cheti kwa ncha za vidole. Alikisoma mbele, akakigeuza nyuma, akakipandisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakina muhuri," alimnong'oneza Fadhila.

"Hakina, mama. Ndivyo vya huku vilivyo."

"Na watakikubali?"

"Nimeshapiga simu. Ni cha kweli."

"Masaa yanatimia?"

"Arobaini. Kabla ya kukipokea, mwenye cheti anaweka sahihi yake hapa chini."

Fadhila alinyoosha kalamu, lakini hakuipokea karatasi. Mama alingoja. Alipoona mkono wa mpelelezi hausogei, alivuta kanga ikafunika mpaka puani, akatembea hatua nne kuvuka sebule, akakinyoosha cheti kwa mikono miwili nyuma ya mgongo wa mkwewe.

"Chacha," alisema. "Soma kwanza, ndipo uweke sahihi."

Daktari aligeuka, macho chini, akakipokea kwa mikono miwili. Alikisoma chote, pamoja na maandishi madogo ya chini, kidole kikifuata mstari kwa mstari, na mama akasimama palepale mpaka alipomaliza.